Kuficha Namba ya Simu: Ni Sitara au ni Hadaa?

Tumeletewa suali na wanafunzi wa darsa ya wanawake hapa Machakos, nasi tumeona jawabu lake lisiwe la masikio yao peke yao, kwani jambo lenyewe limewafika watu wa Mombasa, Lamu na Malindi kama lilivyowafika watu wa bara. Suali ni hili: Je, yafaa mtu kujiandikisha katika zile programu za kupelekeana ujumbe kwa njia ambayo wale anaoandikiana nao hawataiona namba yake ya simu? Au kufanya hivyo ni kujificha, na kujificha ni mwanzo wa uongo?

Suali hili halikuzuka bure. Darsa ilifunguliwa kundi la WhatsApp ili wanawake wapate kujulishwa saa za masomo na habari za misiba. Kila aliyeingizwa alimleta mwenziwe, na kila aliyeingia aliziona namba za wote. Haukupita muda mrefu, mmoja wao, mjane auzaye vitambaa sokoni, akaanza kupigiwa simu usiku na mtu asiyemjua. Mtu huyo alimwita kwa jina lake kamili, lile la kitambulisho, ambalo hata majirani zake hawalitumii. Mama yule akatoka katika kundi, kisha akaacha na darsa pia. Mzee mmoja alipopewa habari alisema, "Asiye na baya haogopi kujulikana." Neno hilo likaenea, na likawatia wengine haya hata ya kulalamika.

Sisi twaona kwamba mwanamke kuacha kutafuta elimu kwa sababu ya namba ya simu si jambo dogo. Kwa hivyo tutalijibu suali hili kwa urefu, tupime na neno la mzee wetu, bila ya kumvunjia heshima.

Kabla ya kuhukumu, yapasa tukijue kitu tunachokihukumu. Miaka ya nyuma namba ya simu ilikuwa ni ya nyumba au ya duka. Simu ilikaa mezani, aliye karibu ndiye aliyeipokea, na namba yenyewe ilichapwa katika kitabu cha simu ambacho kila mtu aliweza kukifungua. Kuijua namba hiyo hakukumpa mtu ila uwezo wa kupiga, wala hakukumnyima mwenye nyumba uwezo wa kukata. Leo sivyo. Namba ya simu imekuwa vitu vitatu kwa pamoja: imekuwa jina, imekuwa mfuko wa fedha, na imekuwa ufunguo.

Imekuwa jina kwa sababu tangu mwaka 2010 serikali ya Kenya imetaka kila laini iandikishwe kwa kitambulisho cha mwenyewe, na kanuni za kuandikisha laini zikatolewa tena mwaka 2015. Sababu za kufanya hivyo hazikuwa za upuuzi. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilienezwa jumbe za chuki ambazo waandishi wake hawakujulikana, na watekaji nyara walikuwa wakidai fidia kwa laini zisizo na mwenyewe. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watu wahakikishe tena maandikisho yao, ikaweka mwisho kuwa tarehe 15 Aprili, kisha ikausogeza mpaka tarehe 15 Oktoba. Basi nyuma ya kila namba yuko mtu mwenye kitambulisho.

Imekuwa mfuko wa fedha kwa sababu ya M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Siku hizi fedha za sokoni, karo ya watoto, sadaka na kodi ya nyumba hupita katika namba ile ile ambayo jamaa hutupigia. Na ili mtu asimtumie fedha asiyemkusudia, mwenye kutuma huonyeshwa jina la mpokeaji kabla fedha hazijatoka. Hili lina manufaa makubwa, na limeokoa mali nyingi za watu. Lakini maana yake ni kwamba mtu aliyeiokota namba yako njiani, akijifanya anakutumia shilingi kumi, hulipata jina lako kama lilivyoandikishwa, na hahitaji hata kuzituma hizo shilingi. Kwa njia hii twadhani yule mpiga simu wa usiku alilijua jina la mjane wetu.

Tena imekuwa ufunguo kwa sababu programu nyingi humtambua mtu kwa kumpelekea tarakimu za siri, aghalabu sita, katika namba yake. Atakayezipata tarakimu hizo huingia mahali pa mwenyewe, akasoma na kuandika kana kwamba ndiye. Ndiyo maana matapeli humhadaa mtu awasomee tarakimu zilizoingia katika simu yake, au hufanya hila wapewe laini mpya yenye namba ya mwenziwao.

Na jambo la nne ni kwamba namba haibadiliki kwa wepesi. Muuza vitambaa akibadili namba hupoteza wateja wake, shule ya wanawe, benki yake na jamaa zake wa mbali. Siri ikitoka kwa neno lililosemwa yaweza kusahauliwa. Namba ikitoka haisahauliki, kwa kuwa haikuwekwa katika kichwa cha mtu bali katika simu yake, na simu haina usahaulifu.

Wako watakaosema kwamba tunatia watu hofu ya bure. Twawajibu kwa mambo mawili yaliyotokea katika nchi hii, yaliyo wazi kwa kila mtu. Mwezi wa Juni 2021 Wakenya wengi walipotazama daftari la vyama vya siasa walijikuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo kabisa, na malalamiko yao yakafika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Habari zao zilikuwa zimekusanywa mahali fulani kwa kazi fulani, zikatumiwa kwa kazi nyingine.

La pili ni la wakopeshaji wa simuni. Mtu alipokopa kwa baadhi ya programu hizo, programu ilizisoma namba zote zilizomo katika simu yake. Akichelewa kulipa, walipigiwa mama yake, mkwewe, mwajiri wake na mwenziwe wa shule, wakaelezwa deni la mtu mwingine na wengine wakatishwa. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data alitangaza kuitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuyatumia majina na namba za watu waliopatikana kwa njia ya watu wengine, wakapelekewa jumbe na simu za vitisho. Tazama: waliodhurika hawakukopa wala hawakutoa idhini. Kosa lao lilikuwa ni kujulikana namba na mtu aliyekopa.

Basi tukirejea kwa neno la mzee wetu, "Asiye na baya haogopi kujulikana," twasema kwamba neno hili lapendeza masikioni, lakini halisimami mbele ya desturi zetu wenyewe. Mzee mwenyewe nyumbani kwake ana pazia. Je, nyuma ya pazia mna baya? Anafunga mlango anapokula na watoto wake. Je, anakula haramu? Wazee wetu wa mwambao walijenga nyumba zao kwa kulijua jambo hili. Nje palikuwa na baraza na daka, mahali pa kuzungumza na mpita njia na mwenye shughuli. Baada ya hapo palikuwa na chumba cha mgeni. Ndani ni ndani, pa wenyewe. Mtu aliweza kukaa barazani miaka arubaini, akanywa kahawa na mji mzima, akajulikana kwa ukarimu na ukweli, na wala pasiwe na mmoja wa wasikilizaji wake aliyeingia ndani. Hakuna aliyemwita mwongo kwa sababu hiyo.

Kadhalika litazameni sanduku la posta. Nchi hii barua haziletwi nyumba kwa nyumba. Mtu hukodi sanduku, akapewa namba ya S.L.P., akaiandika juu ya barua zake na juu ya mlango wa duka lake. Posta yajua sanduku ni la nani. Anayekuandikia hajui unalala wapi. Kwa miaka mingi wafanyabiashara, walimu na misikiti yetu imetumia S.L.P., na hatujasikia hata siku moja mtu akishutumiwa kwamba ameificha nyumba yake. Walijulikana vizuri kabisa, kwa majina yao na kazi zao. Kilichositiriwa ni mlango wa nyumba tu. Kuandikiana na watu kwa jina ulilolichagua, huku namba yako ikibaki kwako, hakuna tofauti kubwa na hilo.

Hapa yafaa tuondoe na kosa moja ambalo tumeliona kwa wengi. Wako wanaosema, "WhatsApp imekwisha kufungwa kwa kufuli, hapana awezaye kusoma, basi twataka nini zaidi?" Ni kweli kwamba tangu Aprili 2016 maneno yapitayo katika WhatsApp hufungwa tangu simu ya mwenye kuandika mpaka simu ya mwenye kusoma, hata kampuni yenyewe isiyasome njiani. Lakini barua ina ndani na ina nje. Mji huu wa Machakos ulikuwa kituo cha kampuni ya Kiingereza tangu mwaka 1889, kabla Nairobi haijawa mji, na misafara itokayo Mombasa kwenda Uganda ilipita hapa. Barua ilifungwa kwa lakiri, na mchukuzi hakuisoma. Lakini jina la nje kila mtu njiani aliliona. Kufuli ya leo hulinda ndani ya barua. Namba ni nje ya barua, na katika kundi la watu mia mbili kila mmoja huisoma nje yako, hata kama hamjapata kuandikiana neno.

Sasa tuufikie moyo wa jambo. Hatusemi kwamba kila kuficha ni kuzuri. Kuna kuficha kwa sitara na kuna kuficha kwa hadaa, na kwa macho mambo haya mawili hufanana. Kipimo cha kuyapambanua tunacho, tumekirithi, nacho ni adabu ya hodi.

Hodi ina pande mbili. Aliye ndani ana haki ya kutofungua. Sharia imemfundisha mgeni abishe mara tatu, na asipojibiwa arudi zake bila ya kinyongo. Aliye ndani hakulazimishwa kutoa sababu. Lakini aliye nje, akiulizwa "Nani?", imempasa ataje jina lake. Kusema "Ni mimi" hakutoshi, na wanavyuoni wetu wamelikataza tangu zamani, kwani kila mtu ni "mimi". Basi mwenye nyumba ana haki ya pazia, na mwenye kubisha ana wajibu wa jina. Hiki ndicho kipimo chetu katika suali hili lote.

Mwanamke aliyejiunga na darsa yuko ndani ya nyumba yake. Hakumbishia mtu hodi. Watu wengine ndio watakaomjia. Kwake yeye kuificha namba ni sitara, na hana deni la kumweleza mtu sababu. Kadhalika mwalimu asiyetaka wanafunzi wampigie usiku, daktari, kadhi, kijana aliyetishwa na wenzake, mke anayetafuta msaada dhidi ya mume ampigaye, na mtu anayetaka kutoa habari za wauza dawa za kulevya wanaowaharibu vijana wa mwambao. Hawa wote kuzificha namba zao kwafaa, na pengine kwa baadhi yao ni wajibu, kwa kuwa kuilinda nafsi ni wajibu.

Lakini mtu akitoka nyumbani kwake akaenda kubisha kwa watu, hukumu hubadilika. Anayeuza bidhaa na kupokea fedha kabla ya kuzitoa, imempasa ajulikane kwa mnunuzi. Anayekusanya mchango wa mgonjwa au wa maziko, imempasa ajulikane kwa wachangaji, jina lake na mahali alipo. Anayemwandikia binti wa watu kwa nia ya posa, imempasa ajulikane kwa wazazi wake, na akijifunika kwa jina la kubuni hiyo si haya bali ni wizi. Anayetoa fatwa, au anayemtuhumu mtu kwa ubaya mbele ya umma, imempasa asimame nyuma ya neno lake. Hao wote wanataka kitu kwa watu: wanataka mali zao, au binti zao, au imani yao. Mwenye kutaka kitu kwa mtu hana haki ya kuuficha uso.

Na atazame mtu hapa: wajibu ni wa jina, si wa namba. Mchuuzi aweza kusema, "Mimi ni fulani, duka langu liko mtaa fulani," asitoe namba ya mfuko wake wa fedha kwa kila mpita njia. Kinyume chake, mtu aweza kukupa namba kumi huku akiwa mwongo katika zote. Kujulikana kwa haki si kuwekwa wazi kwa kila kitu.

Yumkini mtu atatupinga, aseme kwamba kwa maneno haya tunawapa nguvu waovu, kwani na wao watajificha. Pingamizi hili ni la kweli, wala hatulifichi. Kila mlango ufungwao humsitiri mwema na mwovu pia. Lakini tazameni ilivyo leo. Tapeli hatumii namba yake. Hutumia laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, aghalabu cha maskini asiye na habari, akaitupa baada ya wiki. Ni mwema tu ndiye anayetembea na namba moja miaka ishirini, yenye jina lake na fedha zake. Mwovu amekwisha kujifunika, na mwema yuko wazi. Kumkataza mwema asijifunike hakumfunui mwovu hata kidogo. La kufanya ni kuwafundisha watu upande wa pili wa hodi: ukiandikiwa na usiyemjua, uliza "Nani?", na akikujibu "Ni mimi" usifungue.

Baada ya haya twaelekea kwenye matendo, kwa kuwa walioleta suali walitaka pia kujua njia. Tutataja zile tunazozijua, bila ya kumshauri mtu anunue chochote.

Programu iitwayo Signal bado humtaka mtu namba ya simu anapojiandikisha, na hupeleka tarakimu katika namba hiyo. Lakini tangu mwaka 2024 imewapa watu uwezo wa kujichagulia jina la kutafutwa, ambalo mwisho wake huwa na tarakimu. Unampa mwenzio jina hilo, anakuandikia, na namba yako haioni. Katika sehemu ya faragha mna mambo mawili ya kupanga: nani aweza kuiona namba yangu, na nani aweza kunitafuta kwa namba yangu. Yote mawili yaweza kuwekwa kuwa hakuna mtu. Jina lenyewe laweza kubadilishwa wakati wowote, na hilo ndilo namba isiloweza. Mfano wake ni ule wa posta: mwenye sanduku ajulikana posta, mwenye kuandika hajui mlango. Tena posta hii huweka machache. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka wenye Signal watoe habari za mtumiaji, nao hawakuwa na la kutoa ila siku aliyojiandikisha na siku ya mwisho aliyoingia.

Ziko nyingine zisizotaka namba tangu mwanzo. Threema, ya Uswisi, hununuliwa kwa fedha na humpa mtu alama ya herufi na tarakimu nane. Session haitaki namba wala barua-pepe, na humpa mtu alama ndefu ya herufi na tarakimu 66. Hizi zina sitara zaidi, lakini zina gharama yake: jamaa zako hawatakukuta humo kwa urahisi, na katika Session ukiyapoteza yale maneno ya siri uliyopewa mwanzo, pamoja na simu yako, hakuna ofisi ya kwenda kuyaomba tena.

Kwa matangazo ya darsa na ya misiba si lazima kuhama WhatsApp. Tangu mwaka 2023 ina kile kiitwacho chaneli, ambamo mwenye kutangaza hutangaza, na wafuasi hawazioni namba za wenzao. Mwalimu atakayetumia njia hii badala ya kundi atakuwa amewasitiri wanafunzi wake wote kwa siku moja.

Lakini ziko njia mbili tunazozikataza. Ya kwanza ni kununua laini iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine, au kuandikisha yako kwa habari za uongo. Hiyo ni hadaa iliyo wazi, ni kosa katika sheria ya nchi, na ni dhulma kwa mwenye kitambulisho, ambaye ndiye atakayeulizwa siku jambo likiharibika. Ya pili ni zile namba za bure zilizomo katika intaneti, ambazo mtu hupokelea tarakimu za siri. Namba hizo ni za kila mtu. Tarakimu zilizokuja kwako wengine pia huziona, na aliyeingia leo kwa namba hiyo kesho hutolewa na mwingine atakayeitumia. Anayejisitiri kwa nguo ya kukodi isiyo na mwenyewe asistaajabu akivuliwa njiani.

Wala mtu asidhani kwamba kuificha namba ni kushindana na serikali. Sheria imetaka laini yako ijulikane kwa kampuni iliyokuuzia. Haikutaka ijulikane kwa kila mtu wa sokoni. Bali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha: habari za nyumba yake na mambo yake zisitakwe wala zisifichuliwe pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 imemlazimisha mwenye kukusanya habari za watu azitumie kwa lile alilozikusanyia. Mwanamke aliyeitoa namba yake ajulishwe saa za darsa hakuitoa ili apigiwe usiku.

Neno letu la mwisho si kwa wenye kuficha, ni kwa wenye kushika namba za wengine, na hao ni sisi sote. Tumezoea kulifikiri jambo hili kama kwamba kila mtu ni mlinzi wa namba yake peke yake. Sivyo. Namba yangu imo katika simu za watu mia tatu, na usalama wake uko mikononi mwao kuliko mikononi mwangu. Yule mjane hakuitangaza namba yake. Ilitangazwa na aliyemwingiza katika kundi bila ya kumwuliza, na kundi likaendelea kufunguliwa kwa kila ajaye. Namba ya mtu ni amana. Ukiombwa namba ya mwenzio, jawabu la adabu ni hili: "Nipe yako, nitampelekea, naye akitaka atakupigia." Ukiona programu inataka kusoma namba zote zilizomo katika simu yako, jua kwamba inakuomba mali isiyo yako. Na kwa viongozi wa misikiti, vyama vya maziko na madrasa twasema: msimwingize mtu katika kundi kabla hamjamwuliza, futeni daftari za namba ambazo kazi yake imekwisha, na msibandike ukutani orodha ya wachangaji pamoja na namba zao.

Kwa hivyo jawabu letu kwa wanafunzi wa darsa ni kwamba yafaa, na hapana lawama juu ya anayeificha namba yake anapokuwa nyuma ya mlango wake. Aliyelaumika ni aliyepiga usiku, kisha aliyeitoa namba bila ya idhini, kisha sisi tuliomwona mama akiondoka tukauliza anaficha nini badala ya kuuliza ni nani aliyembishia. Darsa sasa itatangazwa kwa njia isiyoonyesha namba ya mtu. Wale walioacha kwa sababu hiyo twawaita warudi, na mwalimu wao ameamrishwa asimwulize yeyote kati yao kwa nini hakutoa namba.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Mwenye kuona kinyume atuandikie, nasi tutaipima hoja yake kwa uadilifu, lakini atie jina lake, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa amebisha hodi. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.